Kumtumaini Mungu kwa unyenyekevu na utii: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa Mkristo wa Tanga

Muulize Mkristo yeyote hapa Tanga kama anamtumaini Mungu, atakujibu ndiyo, tena kwa amina. Muulize anamtumaini katika jambo gani hasa wiki hii, na kwa sababu hiyo amefanya nini tangu Jumatatu, utaona anaanza kutafuta maneno. Imani anayo. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha namna ya kuitoa kanisani na kwenda nayo sokoni, kwenye chumba cha kupanga na kwenye simu ya mtu anayemdai. Kazi ya mwongozo huu ni hiyo, na anaweza kuufuata Mwanglikana, Mlutheri, Mkatoliki au Mpentekoste, kwa kuwa Maandiko tunayoyatumia ni ya wote.

Tuseme mapema tunakosimamia. Mara nyingi mtu anaposema "namngoja Mungu anionyeshe njia", Mungu ameshamwonyesha kipande cha njia na yeye ndiye aliyesimama. Ndiyo maana hatua hizi hazianzi na kutafuta ishara. Zinaanza na utii mdogo ambao tayari unaujua na unauahirisha.

Unahitaji Biblia, daftari la kawaida la shule, kalamu, na dakika ishirini na tano za alfajiri. Jipe wiki nne za kwanza bila kubadilisha utaratibu.

Hatua ya kwanza: andika jambo moja, kwa jina lake

Fungua ukurasa mpya uandike jambo moja tu linalokunyima usingizi. Liandike kwa kiasi, mtu na tarehe. "Maisha magumu" haliandikiki, kwa sababu halina mlango wa kuingilia. "Kodi ya chumba Makorora, laki moja na nusu, tarehe 28" linaandikika. "Mwanangu wa kidato cha pili ameacha kwenda shule tangu wiki iliyopita" linaandikika pia.

Chini yake piga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika yaliyo mikononi mwako leo au kesho. Upande wa kulia andika yasiyo mikononi mwako: moyo wa mtu mwingine, bei ya soko, majibu ya vipimo, mvua. Upande wa kulia ndio wa kumkabidhi Mungu. Upande wa kushoto ndio wa kumtii.

Kosa la kawaida ni kuchanganya pande hizi. Mtu anamwomba Mungu ampigie simu mtu ambaye yeye mwenyewe anaweza kumpigia, halafu usiku anakesha akijaribu kugeuza moyo wa mwajiri wake kwa mawazo. Anaomba yaliyo yake ya kufanya na kuhangaikia yaliyo ya Mungu, na pande zote mbili hazisogei.

Hatua ya pili: tafuta utii unaoujua tayari

Kabla hujaomba maelekezo mapya, jibu maswali haya kwa maandishi. Kuna mtu ananidai na ninamkwepa? Kuna mtu nimemdanganya katika jambo hili hili ninaloliombea? Kuna amri iliyo wazi ambayo nimeipa tafsiri yangu ili initoshe?

Soma 1 Samweli 15 ukiwa na maswali hayo mbele yako. Mfalme Sauli aliagizwa, kupitia nabii Samweli, asibakize kitu cha Waamaleki. Akabakiza kondoo na ng'ombe walionona, kisha akamlaki Samweli akisema ameitimiza amri ya Bwana. Samweli akamuuliza, basi hiki kilio cha kondoo masikioni mwangu ni nini? Sauli alikuwa na jibu la kidini kabisa: wanyama hao ni wa kumtolea Mungu dhabihu. Hapo ndipo lilipotoka neno kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Wengi wetu hatumkatalii Mungu waziwazi. Tunatii robo tatu, na ile robo iliyobaki tunaifunika kwa sadaka, kwa mkesha, kwa wimbo.

Chukua mfano wa mama anayenunua samaki Deep Sea alfajiri na kuwauza Ngamiani. Ameandika: "Wateja wamepungua, na nina deni la laki moja na themanini kwa dada aliyenikopesha mtaji." Anaomba wateja kwa machozi. Lakini akijibu maswali yale kwa kweli, anakuta hajapokea simu ya yule dada kwa muda mrefu, na mizani yake inapungua kidogo kwa kila kilo, naye anajua. Huyu hahitaji unabii. Maombi ya wateja yaendelee, ila kwanza kuna simu na kuna mizani.

Hatua ya tatu: dakika ishirini na tano kabla ya simu

Adhana ya alfajiri hapa mjini inawaamsha watu wa mtaa mzima, wa dini zote. Ukishaamka usirudi kulala. Kaa barazani au ukumbini penye hewa, maana chumbani kwenye joto utasinzia. Simu ibaki ndani, chini ya mto. Ukiigusa hata kwa kutafuta mstari wa Biblia, utakuta ujumbe wa kikoba na picha za msiba, na asubuhi imekwisha.

Dakika tano za kwanza soma Zaburi moja kwa sauti ya chini. Kumi zinazofuata soma sehemu ya wiki, polepole, hata kama ni ile ile ya jana. Tano omba ukiwa na ule ukurasa wenye mstari katikati: taja kila kilicho kulia na umwachie Mungu kwa jina lake, kisha omba nguvu ya kufanya kimoja kilicho kushoto. Tano za mwisho andika hicho kimoja, na saa utakayokifanya.

Masomo ya wiki nne tunayapendekeza hivi. Wiki ya kwanza Kutoka 16, habari za mana. Kila mtu alipewa pishi moja, ambayo kwa Kiebrania huitwa omeri, takriban lita mbili, ya siku hiyo. Aliyeiweka hadi asubuhi aliikuta imeingia mabuu na kunuka. Siku ya sita tu ndipo waliruhusiwa kuokota mara mbili kwa ajili ya sabato. Isome ukiangalia jinsi Mungu alivyowafundisha watu waliozoea utumwa kupokea cha leo na kulala bila ghala. Wiki ya pili 1 Samweli 15 pamoja na Zaburi 131, ambayo ina mistari mitatu tu na inatosha kabisa. Wiki ya tatu 2 Wafalme 5, Naamani. Wiki ya nne Luka 5:1-11 na Mathayo 26:36-46.

Usisome sura nyingi kwa pupa. Mtu aliyekaa na Naamani siku saba atajijua kuliko aliyepita vitabu vitatu.

Hatua ya nne: tii, kwa kiasi na kwa tarehe

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo tutakaa hapa zaidi.

Utii usio na saa wala kiasi hubaki nia njema. Turudi kwa yule mama. Deni ni 180,000. Mauzo ya siku ya kawaida ni 90,000. Akitoa 62,000 alizonunulia samaki, 4,000 za nauli na barafu, anabaki na 24,000. Chakula na matumizi ya nyumbani vinachukua 18,000. Kwa siku sita za kazi anabakiwa na 36,000 kwa wiki. Zaka ya faida, fungu la kumi la 144,000, ni 14,400, kwa hiyo zinabaki 21,600. (Makanisa yana mafundisho tofauti kuhusu kukokotoa zaka, muulize mchungaji au padri wako, usiamue kwa hofu.) Akiahidi 15,000 kila Ijumaa, deni linakwisha baada ya wiki kumi na mbili, na bado ana 6,600 za dharura. Angeahidi 30,000 kwa wiki ili aonekane ana imani, angevunja ahadi wiki ya kwanza. Kuahidi usichoweza si imani. Ni kujionyesha, na anayeumia ni yule anayekudai.

Kisha anakwenda mwenyewe, na ile 15,000 ya kwanza mkononi. Maneno yawe machache: "Dada, shikamoo. Deni lako ni laki na themanini, sijalisahau. Nimekuwa nakwepa simu zako, nimekukosea, naomba unisamehe. Yote kwa mara moja siwezi. Nitakuletea elfu kumi na tano kila Ijumaa, na hii hapa ya leo." Basi. Asianze kusimulia biashara ilivyoharibika, wala asimtaje Mungu kama mdhamini: "Mungu akinijalia nitaleta." Yakobo 4:15 inatufundisha kusema "Bwana akipenda" kwa sababu kesho si yetu, nasi tuseme kwa moyo. Lakini mtu anayekudai ameshasikia maneno hayo yakitumika kama mlango wa kutorokea. Kwake yeye, peleka pesa.

Yule dada anaweza kufoka. Anaweza kutaja mambo yako mbele ya watu. Hili liko upande wa kulia wa daftari. Ulitii ili umtii Mungu, hukutii ili upokewe vizuri. Usijibu, usijitetee, na Ijumaa ijayo urudi.

Mizani nayo ina namna yake. Weka juu yake chupa ya maji ya lita moja ambayo haijafunguliwa. Inapaswa kusoma kilo moja na gramu chache za chupa. Ikizidi hapo, mizani inampunja mteja. Ipeleke kwa Wakala wa Vipimo ikarekebishwe na kukaguliwa. Mpaka hapo, ongeza samaki wa kufidia kwenye kila kilo. Wanaouza kwa fungu wana mtego wao: samaki wakubwa juu, waliolegea chini. Panga fungu ili la chini lifanane na la juu. Utapata hasara kidogo siku za mwanzo na utasikia sauti ikikuambia kwamba wenzako wote wanafanya vile. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, haisemi isipokuwa soko zima linafanya.

Kama ulichochukua ni kwa udanganyifu, kirudishe. Zakayo, yule mtoza ushuru, aliahidi kurudisha mara nne. Wewe anza na kiasi chenyewe, kwa mtu mwenyewe, na kama hapatikani zungumza na kiongozi wako wa kiroho ujue pa kukipeleka.

Hatua ya tano: jiweke chini ya mtu anayeweza kukuambia hapana

Unyenyekevu hauonekani unapojisema vibaya. Wapo wanaosimama kwenye ushuhuda na kusema "mimi si kitu, mimi ni mavumbi", na mwanakwaya mdogo akiwasahihisha noti wananuna wiki mbili. Unapima unyenyekevu wako siku mtu mwingine anapokusahihisha, hasa mtu aliye chini yako kwa umri, elimu au kipato.

Naamani alikuwa jemadari mkubwa, lakini mwenye ukoma. Alipoambiwa akajichovye mara saba Yordani, alikasirika kwa sababu mbili: nabii hakutoka nje kumlaki, na mito ya kwao Dameski aliiona bora. Waliomwokoa ni watumishi wake, waliomwambia kwa upole kwamba angeagizwa jambo kubwa angelifanya, basi hili dogo linamshinda nini? Uponyaji wake ulipitia kwa kijakazi aliyetekwa, aliyemtaja nabii kwanza, na kwa watumwa. Angalia ni nani nyumbani kwako au kazini anakuambia ukweli na wewe humsikii kwa sababu ya cheo chake.

Kwa vitendo: chagua mtu mmoja wa jinsia yako kwenye jumuiya yako, aliyekutangulia katika imani, ambaye humdai wala hakudai. Kutaneni nusu saa kila wiki. Mwonyeshe ukurasa. Akuulize matatu tu: uliahidi nini wiki iliyopita, ulifanya, na nini kilikuzuia? Epuka kumchagua rafiki anayekubaliana na wewe kila siku. Na msitumie nafasi hiyo kumjadili asiyekuwepo kwa kisingizio cha kumwombea. Umbea ukivaa nguo ya maombi unaharibu jumuiya nzima.

Pamoja na hilo, kwa siku saba fanya kazi moja ya chini ambayo hakuna atakayekushukuru. Osha masufuria msibani badala ya kukaa na wazee mbele. Fagia kanisa Jumamosi jioni kabla wengine hawajafika. Usipige picha.

Nyumbani, sheria ni moja: ulipokosea ndipo unapoombea msamaha. Baba aliyemfokea mkewe mbele ya watoto amwombe radhi mbele ya watoto hao hao, si chumbani kwa kunong'ona. Neno "nimekosea" lisifuatwe na "lakini".

Na mtaani. Tanga tunaishi mlango kwa mlango na Waislamu, tunapelekeana futari na tunazikana. Kama mkesha wenu unaendeshwa kwa spika zinazotikisa dirisha la jirani mwenye mtoto mgonjwa, unyenyekevu ni kuzipunguza kabla hajaja kuomba. Mungu anasikia hata zikizimwa. Na jirani akikualika kwenye shughuli, nenda, kaa, kula kwa shukrani. Kumtumaini Mungu hakumfanyi mtu awadharau wengine.

Mahali utii unapokoma

Hili lisomwe polepole, kwa kuwa maneno "unyenyekevu" na "utii" yametumiwa kuwaumiza watu. Utii wa kwanza ni kwa Mungu. Matendo 5:29 imesema hivyo. Bosi akikuagiza uandike risiti ya uongo, kataa kwa heshima na kwa maandishi. Kiongozi wa dini akikutaka kimwili, au akikuuzia maji na mafuta kwa bei ili ndoa yako ipone, hilo si agizo la Mungu. Ondoka na umweleze aliye juu yake. Mke anayepigwa hatakiwi kubaki akipigwa ili aitwe mnyenyekevu. Aondoke aende mahali salama, na dawati la jinsia na watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo. Kusamehe kunawezekana ukiwa mbali.

Hatua ya sita: kungoja bila kulala na bila kukimbilia kwingine

Wiki nne zinaweza kuisha na upande wa kulia haujasogea hata kidogo. Mtoto hajarudi shule. Wateja ni wale wale. Jumapili jioni pitia ukurasa: yaliyofanyika yawekee alama, yasiyofanyika yape tarehe mpya, na yaliyo ya Mungu yasome tena mbele zake bila kuongeza vitisho wala nadhiri. "Ukinipa hiki nitakutumikia" ni biashara. Yesu Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akaomba tena na tena, na kila mara akaishia kwa mapenzi ya Baba. Kuomba jambo lile lile si kukosa imani.

Kungoja kuna kazi. Kusi likivuma kwa nguvu mvuvi haingii majini, lakini utamkuta ufukweni anashona nyavu. Nehemia 4:9 inasema walimwomba Mungu na wakaweka walinzi, mchana na usiku. Mtu anayetafuta kazi aombe, na apeleke barua mbili kila wiki.

Mgonjwa aombewe, na aende hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, anywe dawa kama alivyoelekezwa. Dawa za presha, za sukari na za kufubaza virusi vya UKIMWI haziachwi kwa sababu mtu ameombewa na anajisikia vizuri. Anayeziacha hurudi akiwa mahututi, na wengine hawarudi. Mfalme Hezekia aliahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na bado nabii Isaya akaagiza andazi la tini libandikwe juu ya jipu. Vipimo vikionyesha umepona, daktari ndiye atakayekuondolea dawa, na Mungu atatukuzwa vile vile.

Kipindi cha kungoja ndicho kinachowapeleka watu kwa waganga usiku. Tunajua inavyokuwa: biashara imekwama, shangazi anasema umerogwa, na kuna "mtaalamu" Pande au Pongwe anayetaka kuku mweusi na elfu hamsini. Kama umeshakwenda, usijifiche kwa aibu. Mweleze mchungaji au padri, hirizi iteketezwe kama watu wa Efeso walivyoteketeza vitabu vyao vya uganga katika Matendo 19, na fedha uliyobakiza kwa ajili ya awamu ya pili ipeleke kwenye lile deni. Usirudi kudai uliyoitoa.

Ukishindwa katikati ya wiki

Utashindwa mahali fulani, kwa hiyo jua la kufanya kabla siku haijafika. Ukikosa asubuhi moja, usifidie kwa kusoma saa moja kesho yake. Rudi kwenye dakika ishirini na tano. Ukifoka, omba radhi kabla jua halijazama, kama Waefeso 4:26 inavyoagiza. Ukikosa siku tatu mfululizo, mwambie yule mwenzako wa jumuiya siku ya tatu, usingoje kikao.

Na malipo yakipungua, usinyamaze. Bahari imechafuka, samaki hakuna, na Alhamisi jioni una elfu nane badala ya kumi na tano. Piga simu Alhamisi hiyo hiyo, kabla hujapigiwa: "Dada, kesho nitaleta elfu nane, saba zilizobaki nitaziongeza wiki mbili zijazo." Ijumaa asubuhi zipeleke hizo elfu nane, na muandikiane salio.